Tope la Kifaru cha Sajenti

Nyinyi wajukuu, na kijana mwingine yeyote ambaye karatasi hizi zitamfikia, kwanza wekeni hiyo ndoo chini. Na hiyo sabuni. Kifaru kidogo cha jeshi kilicho juu ya meza yangu hakioshwi. Nimewasikia mkipanga kukitoa tope, mkipige rangi nyekundu ya kung'aa, mkiwekee taa za buluu na kaspika ka muziki, na mmoja wenu akasema kukhu, yaani mimi bibi yenu, haelewi mambo ya siku hizi. Naelewa. Betri badilisheni, ile ya zamani imekufa, na kama yuko kati yenu anayejua kuunganisha waya bila kuchoma nyumba, aunganishe. Tope liacheni. Halikuingia pale kwa bahati mbaya. Nililipaka mimi kwa vidole hivi, kwa muda mrefu kuliko mnavyoweza kukaa mahali pamoja bila simu, na mkimaliza kusoma mtajua kwa nini. Mama yenu Nafula anajua nusu. Nusu nyingine sikumwambia, kwa sababu hakuniuliza.

Kifaru kililetwa juzi kwa pikipiki, ndani ya beseni, kimefunikwa leso. Alikituma Mama Jesca, mke wa Sajenti, baada ya sisi kumzika mumewe kule mjini. Alituma na neno moja tu, kwamba mzee alisema kikirudi kwa mtu kirudi kwangu. Kwenye mazishi watu walisimama wakasema mengi juu ya Sajenti, jinsi alivyotumikia nchi, jinsi alivyokuwa mzee wa kanisa. Hakuna aliyetaja kifaru. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake upande wa jikoni, nikimenya vitunguu. Kuna mambo hayasemwi kwenye kipaza sauti.

Habari za kwetu nilikozaliwa ziacheni, hazina kazi hapa. Anzieni asubuhi ile babu yenu Makokha alipomaliza likizo. Alikuwa mwanajeshi, dereva wa vifaru, na alikuwa akija nyumbani Navakholo mara chache. Asubuhi hiyo alikunywa uji, akaaga, akatoka, akavuka ua mpaka barabara ya changarawe, ile ya murram. Mimi nikageuka nikaona taulo yake ya manjano bado iko kwenye kamba. Nikaita. Akarudi, akaichukua, akacheka, akaenda. Basi, hiyo tu. Lakini mama yake alikuwa ameketi uani akipepeta maharagwe, na nilipoita alitupa ungo chini. Kwao, mtu akishavuka ua kwa safari harudishwi. Akisahau kitu, kitu kibaki. Mimi nilikuwa msichana niliyeolewa juzi, na kwetu hayo hayakuwako. Hazikupita wiki nyingi, jeshi likaleta sanduku. Na sanduku halikufunguliwa.

Nyinyi mmezoea mazishi ya kuonyeshwa picha. Kwetu mtu anatazamwa uso, ndipo anazikwa. Mama mkwe aliomba sanduku lifunguliwe, wanajeshi wakakataa kwa adabu, wakasema ni ajali ya kazini, wakasema pole. Aliyeongoza wanajeshi hao alikuwa Sajenti. Mama mkwe alisimama mbele yake, mbele ya watu wote, akasema maneno ambayo yalinifuata mwaka mzima. Alisema mwanawe hakufa na ajali, mwanawe alirudishwa mlangoni na huyu msichana, na mpaka yeye aone kwa macho yake kilichomla mwanawe, huyu msichana hatakanyaga kwake. Siku ya kunyolewa, wenye msiba wote walinyolewa, mimi nikaachwa na nywele zangu. Nikaambiwa niende. Nafula alikuwa ameanza kutembea. Nikaambiwa mtoto ni wa hapa, anabaki.

Nilitaka mtoto wangu. Mengine yote mwaka ule yalikuwa kelele.

Sajenti alistaafu miezi michache baadaye, akakaa Kakamega mjini, na mke wake Mama Jesca, ambaye alikuwa mshonaji, akanichukua nimsaidie kazi za nyumba. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu. Sebuleni viti vilikuwa na vitambaa vya kufuma, ukutani kalenda ya kanisa, na katikati meza kubwa ya kulia ambayo hatukuwahi kuilia. Tulikula sahani zikiwa magotini, obusuma, ndio ugali, na mboga ya mrenda, siku nyingine dagaa wa omena, kwa sababu meza ilikuwa ya kifaru. Kilikuwa cha kuchezea, cha kuendeshwa kwa remoti, Sajenti alipewa na mwalimu mmoja mzungu aliyekuja kuwafundisha jeshini, alipokuwa anarudi kwao. Kilikuwa kizuri cha dukani, cha plastiki, na alama za msalaba za jeshi la nchi nyingine. Wiki ya kwanza nilidhani ni mchezo wa mzee aliyekosa kazi. Mama Jesca naye alidhani hivyo. Alikuwa akipita na sufuria akisema, "Jeshi limekustaafisha wewe, likaniajiri mimi." Sajenti aliendelea na kazi. Alikuwa na wembe mkononi, akikwangua misalaba.

Alikuwa mtu wa maneno machache lakini akifanya kazi alijisemea, na mimi nikideki sakafu nilisikia. Kwanza aling'oa minyororo ya mpira, akasema hii ni myepesi kama mkanda wa saa, kifaru hakikanyagi hivi. Akaenda kwa mafundi wa baiskeli akaleta cheni kuukuu, akaziosha kwa mafuta ya taa kwenye beseni langu la vyombo, akaziunganisha mbili mbili, upande huu na upande huu. Akavaa miwani. Akajaribu. Mota zikalia kama mbu, kisha nyumba ikajaa harufu ya kuungua, na Mama Jesca akanigombeza kutoka chumbani kwamba nimeunguza maharagwe. Maharagwe yalikuwa sawa. Mota ndizo zilikuwa zimeungua, hazikuweza kuvuta chuma. Alipotea siku mbili, akarudi na mota kutoka kwa mashine ya fotokopi iliyotupwa nyuma ya ofisi fulani, na betri ndogo ya pikipiki. Mzinga ulikuwa mfupi, akautupa, akatengeneza mwingine kwa antena ya redio ya gari. Mikebe ya mafuta ya kupikia ilikatwa kwa makasi ya Mama Jesca ikawa sahani za chuma za ubavuni, na kwa sababu ya makasi hayo hawakusemezana tangu Ijumaa mpaka baada ya ibada.

Siku moja nilimletea chai nikamwuliza kwa nini anajisumbua. Akaniambia bila kuinua macho, "Mama Nafula, yule mama alisema anataka kuona. Cha kweli hawatamwonyesha. Kwa hiyo nitamletea hiki, lakini kiwe chenyewe. Kikiwa cha duka atajua." Niliweka chai chini. Kuanzia siku hiyo sikukiita mchezo, na nilipopangusa meza nilipangusa kwa kukizunguka.

Miezi ilienda. Nikipata nafasi nilienda Navakholo siku ya soko, nikasimama kwa wauza vyungu, mahali ambapo mtu anaweza kukaa bila kuulizwa. Niliwaona mara moja. Mama mkwe alikuwa amembeba mtoto mgongoni, ananunua chumvi. Walipita karibu nami kiasi cha mimi kuona kwamba Nafula amevalishwa gauni jipya. Mtoto alinitazama. Alinitazama vile mtoto anavyotazama mtu yeyote wa sokoni, kisha akamtazama kuku. Nikarudi mjini nikapika. Pale kwenye bomba la maji wanawake walikuwa wakisema, wakidhani niko mbali, kwamba huyo ndiye yule aliyemrudisha mume mlangoni, na kwamba Mama Jesca awe mwangalifu mzee wake akitoka. Nilijaza mtungi wangu. Mama Jesca alipoyasikia alienda bombani mwenyewe na mtungi ambao hakuuhitaji, akawaambia yeye mzee wake anamrudisha kila siku, na bado ni mzima, na anakula kama watu wawili. Huyo ni mama ambaye mkimwona amezeeka namna hii mnampita njiani bila kumsalimu.

Rangi ilipokauka, kijani ya kufifia, Sajenti alikitazama siku kadhaa akasema bado. Kilikuwa kisafi. Ndipo akatoa gunia lililokuwa chini ya kitanda, na ndani ya gunia buti zake za jeshi. Hazikuwa zimeoshwa tangu siku ile ya ajali. Kwenye mshono wa soli kulikuwa na tope limekauka, la rangi ya kijivu, karibu nyeupe. Udongo wetu ni mwekundu, hata kuku wa hapa wana miguu myekundu, na mimi sikuwahi kuona udongo kama ule. Akaniambia, "Wewe unajua kukandika nyumba. Mimi nikipaka linapasuka." Nililikwangua kwa kijiti, nikalichuja kwa kichujio cha chai, nikachanganya na gundi ya seremala na jivu kidogo. Mara ya kwanza lilipasuka. Mara ya pili likashika. Alikaa upande wa pili wa meza akaniambia liende wapi, na nikapaka kwa unyoya wa kuku na kwa kidole. Chini ya mabawa yanayofunika cheni, zito. Mbele marasharasha. Kwenye tundu ambalo dereva anatoa kichwa, vumbi tu, ila hapa na hapa pang'ae, kwa sababu hapa aliwekanga mikono akijiinua. Nikapangusa hapo mpaka pakang'aa. Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa nikipaka udongo uliomfunika mume wangu, na nililowaza zaidi ni kwamba usipasuke.

Mwishowe akaniomba kipande cha kitambaa cha manjano kwenye mabaki ya ushonaji wa Mama Jesca. Nikauliza cha nini. Akasema dereva alikuwa na taulo ya manjano, aliifunga hapo kando ya tundu kila siku, bila hiyo vumbi la kule lingempofusha. Sajenti hakujua kisa cha taulo. Alichosikia mazishini ni mlango tu. Mimi nilijua mama mkwe akiiona ataijua, na kwamba kwa macho yake itakuwa ndiyo ushahidi wote. Ningeweza kusema hakuna kitambaa cha manjano. Nilikaa na kile kikapu cha mabaki kwa muda. Kisha nikakata kipande, nikakichambua kingo zake zifanane na taulo, nikakifunga mimi mwenyewe. Kama ni kumwonyesha, aonyeshwe yote.

Sajenti alienda Navakholo kumwomba mama mkwe aje aone. Alijibiwa subiri tuvune. Wakati wa kiangazi akaja, na Nafula ameshikwa mkono. Nilikuwa nimechinja kuku. Mama mkwe hakuingia ndani, alisema atakaa nje, na chai aliyowekewa hakuigusa. Alikuwa amekuja na maji yake kwenye chupa. Nafula alijificha nyuma ya gauni lake. Nyuma ya jikoni nilikuwa nimetengeneza njia, Sajenti aliniagiza siku iliyotangulia: tuta la udongo, juu yake barabara, kando yake mtaro. Akasimama mbele ya tuta akaeleza kama mtu anayesoma ripoti. Kwamba mvua ilinyesha. Kwamba barabara ilikuwa kwenye ukingo. Kwamba kifaru cha kweli kina uzito wa trela za miwa zilizojaa. Kwamba yeye alikuwa chini, anatembea kinyumenyume, akimwongoza Makokha kwa mikono, na Makokha kichwa kiko nje ili aone. "Ukingo ulikatika," akasema. "Kikapinduka mtaroni. Nitakuonyesha, mama."

Akashika remoti. Cheni zikaanza kusaga, na kilikuwa kizito kweli, mlio wake haukuwa wa kitu cha kuchezea. Kikapanda tuta. Kikafika ukingoni, gurudumu moja karibu hewani. Kikapita. Kikateremka upande wa pili kikasimama. Sajenti akakirudisha, akakisogeza ukingoni zaidi. Kikapita tena. Mama Jesca akainamia sufuria yake. Nikasikia mashine ya kushona ya jirani.

"Kumbe inapita," mama mkwe akasema. Akageuka kwangu, mara ya kwanza tangu msiba. "Kumbe inapita, msichana."

Sajenti alikuwa anatoka jasho kama mtu aliyepigwa mvua. Mimi sikuwatazama hao, nilimtazama mtoto, kwa sababu kama kifaru kinapita, lawama inarudi kwangu, na nilijua sasa huenda nisimwone tena. Mama mkwe akainuka. Nilidhani anaondoka. Badala yake akaenda mpaka kwenye tuta, akainama, akalibonyeza kwa kidole gumba. Halikubonyea. Akapiga kwa kiganja.

"Nani alikandika hapa?"

"Ni mimi, mama."

"Ulitia nini?"

"Mavi ya ng'ombe na jivu. Halafu nikapigapiga likianza kukauka."

"Kama ukuta."

"Kama ukuta." Sikuwa najua namna nyingine ya kushika udongo. Niliambiwa nitengeneze tuta, nikalitengeneza lisibomoke, kama nilivyofundishwa. Sikufikiri kwamba safari hii lilitakiwa libomoke.

Alikaa pale ameinama, mkono bado juu ya tuta. Kisha akamwuliza Sajenti, "Na kule, nani alikandika?"

"Hakuna, mama. Grida ya kuchonga barabara ilisukuma udongo tu, ikauacha hivyo. Mvua ikanyesha juu yake."

"Haukushindiliwa?"

"Haukushindiliwa."

Akarudi kwenye kiti. Sajenti akachukua jembe, akalivunja tuta langu lote, akamwaga udongo mpya bila kuugusa, akaumwagia maji ya kutosha. Akakiweka kifaru juu. Akainua remoti.

"Acha," mama mkwe akasema. "Nimejenga nyumba nne. Udongo uliomwagwa tu najua unafanyanga nini." Kisha akaongeza: "Usimwangushe."

Sajenti akaweka remoti chini. Mama mkwe akasema aletewe kile kitu. Akakiweka magotini, kizito hivyo, gauni likapata tope. Akakizungusha polepole. Akaingiza kidole kwenye tundu la dereva akakiacha humo. Kisha akaona kitambaa cha manjano, na nikaona ameona. Nilisema kabla hajauliza. Nilisema ndiyo ile niliyomwitia arudi. Alimwuliza Sajenti, "Alikuwa anaitumia?"

"Kila siku, mama. Alisemanga ni ya nyumbani."

Nafula alikuwa ametoka nyuma ya gauni, anagusa cheni kwa kidole kimoja, anavuta mkono, anagusa tena. Mama mkwe hakulia na hakuniomba radhi, na mimi sikungoja radhi. Watu wa namna yake hawana hilo neno, na mimi mwenyewe silitumii sana. Alimwambia Mama Jesca chai imepoa, ipashwe. Akala kuku niliyempika, akasema chumvi ni nyingi. Alipokuwa akifunga leso kuondoka akaniambia, "Ukuta wangu wa nyuma umeanza kumeguka. Jumamosi uje ukandike. Kuja na nguo zako, hiyo kazi ni ya siku nyingi."

Nyinyi wa mabati na saruji hamjui maneno hayo. Mwanamke aliyefukuzwa hagusi ukuta wa mama mkwe. Akiitwa kukandika, ameitwa nyumbani. Nilienda Jumamosi. Nilikandika ule ukuta, na nyumba ile ikaendelea kuwa yangu mpaka alipofariki, na siku ya kumnyolea msiba nilinyolewa wa kwanza. Nafula alinikataa kwa muda, alilia nikimshika, mpaka mvua zilipoanza ndipo akaja mwenyewe akalala mgongoni kwangu. Sajenti hakukiendesha kifaru tena. Nilipomtembelea nilikikuta sebuleni kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na meza imerudi kuwa ya kula.

Nimefikiri sana juu ya mwaka ule, nikiwa na mikono kazini. Mama mkwe alipewa sanduku lililofungwa, akatafuta wa kumlaumu, na aliyekuwa karibu ni mimi. Ningekuwa yeye sijui ningemlaumu nani. Lakini kumwita Makokha arudi sikukosa. Alipata taulo yake. Aliitumia kila siku aliyobakiza.

Nimeandika haya kwa sababu ya jambo la Jumatatu. Mmoja wenu alitoka kwenda shule, baridi iko, sweta ameiacha kwenye kiti. Nikamkuta msichana anayenisaidia kazi amesimama mlangoni na sweta mkononi, amefunga mdomo, anamtazama anavyokwenda. Nikamwuliza kwa nini hamwiti. Akasema kwao haifai. Nilimwelewa, sikumgombeza. Nilitoka mimi nikaita mpaka mtoto akageuka kule barabarani, akarudi amekunja uso, akavaa, akaenda. Kisha nikawaita wote waliokuwa ndani, mpaka aliyekuwa chooni, nikawasimamisha hapo hapo mlangoni nikawaambia: katika nyumba hii mtu akisahau kitu, aitwe. Hata akiwa amevuka ua, hata akiwa amefika lami. Aitwe kwa sauti, arudi, achukue kilicho chake, aende.